Tuliuza Viwanda, Hatukusimamia Mikataba

Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda kadhaa vikubwa vya kubangua korosho: Likombe mjini Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, hadi Kibaha na Dar es Salaam. Fedha nyingi zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ilitoka Italia na Japani, na hesabu za wapangaji zilionekana hazina walakini. Msimu wa 1973/74 wakulima walikuwa wamevuna tani 145,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Kwa nini korosho hiyo isafirishwe na maganda yake hadi India, ikabanguliwe na wanawake wa Kerala, wakati wanawake wa Newala wapo?

Viwanda vilipokuwa tayari, korosho haikuwapo. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei iliyopangwa na mamlaka ya zao haikumpa mkulima sababu ya kutembea saa nzima kwenda kupalilia. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ukaua maua kabla hayajafunga. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilikusanya tani zipatazo 17,000 tu. Deni la Benki ya Dunia halikungoja mikorosho ipone.

Baadaye viwanda hivyo vikauzwa kwa watu binafsi, kwa matarajio kwamba wanunuzi wangevifufua. Vingi havikufufuka. Mitambo iliozea humo humo au iling'olewa, na yapo majengo yaliyogeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Hadi leo sehemu kubwa kabisa ya korosho yetu inaondoka bandarini ikiwa na maganda yake.

Nimeanza na korosho kwa sababu historia nzima ya mageuzi ya uchumi ya nchi hii imo ndani ya zao hilo: mpango mkubwa wa serikali uliokosea, mauzo ya haraka yaliyofuata, ghadhabu iliyokuja baada ya mauzo, na katikati yake mafanikio machache ambayo hatuyazungumzii vya kutosha. Hoja yangu ni kwamba ubinafsishaji wenyewe haukuwa kosa letu kubwa. Tulikosea pale tulipoamini kwamba siku ya kusaini mkataba na mwekezaji ndiyo siku ya kumaliza kazi. Kazi ya dola huanza siku hiyo, nasi kwa sehemu kubwa tuliifunga ofisi tukaenda nyumbani.

Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba mageuzi yaliletwa na watu wa Washington kuja kuivuruga nchi iliyokuwa inajiweza. Kizazi kilichopanga foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC kutafuta sabuni, sukari na kanga kinajua haikuwa hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Mwishoni mwa mwaka huo Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, na sabuni ikazidi kupotea madukani, kwa sababu waliokamatwa ndio waliokuwa wakiileta.

Viwanda vya umma navyo vilikuwa hoi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa lengo la kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuza Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, kisha kikafungwa mwaka 1990. Mzigo huo tusimtwike mwekezaji yeyote, kwa maana hakukuwa na mwekezaji. Ulikuwa mpango wetu na wa wakopeshaji wetu. Anayetaka kuitetea enzi ya mashirika ya umma aanze kwa kukieleza kiwanda hicho, na anayetaka kuisifu Benki ya Dunia aanze hapo hapo.

Kwa hiyo Cleopa Msuya aliposoma bajeti ya mwaka 1984 na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, alikuwa anaikubali hali halisi. Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia Novemba 1985, na Agosti 1986 serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka huo ilifika 40 katikati ya mwaka, na mwisho wa 1990 ilikaribia 200. Maduka yalijaa. Mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata wiki mbili. Kisha ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini na shuleni, na watoto wengi wakabaki nyumbani hadi ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya nchi kusamehewa sehemu ya madeni. Gharama hiyo ililipwa na watoto, na haimo katika hesabu ya shirika lolote la fedha.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1992 na 1993, sheria ya mashirika ya umma ilipotungwa na kurekebishwa, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikaundwa. Iliyajulisha mashirika karibu 400 kwamba zamu yao imefika. Wengi wetu tuliizoea kwa herufi zake za Kiingereza, PSRC, na herufi hizo zilipotajwa kwenye kiwanda chochote wafanyakazi walijua kinachofuata.

Niseme wazi kwamba yapo mauzo yaliyofaulu, na tukijifunza kwa nini yalifaulu tutajua kwa nini mengine yalianguka. Kampuni ya Bia Tanzania ilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, aliyechukua nusu ya hisa na uendeshaji. Bia, ambayo ilikuwa bidhaa ya kutafutwa kwa kujuana, ikaanza kupatikana hadi vijijini, na kampuni ikawa miongoni mwa walipakodi wakubwa nchini. Mwaka 1998 hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lenyewe lilikuwa limefunguliwa mwaka huo huo.

Benki zinafundisha zaidi. CRDB, iliyokuwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini na iliyokuwa imezama kwenye mikopo isiyolipika, ilibinafsishwa mwaka 1996. Mnunuzi hakuwa tajiri mmoja. Hisa ziligawanywa kwa vyama vya ushirika, kwa wananchi na kwa mfuko wa uwekezaji wa Denmark. Denmark haikuja kuchukua benki iende nayo Copenhagen. Iliweka fedha, ikasaidia kujenga utaalamu, na Watanzania wakaiendesha; Charles Kimei aliiongoza kwa miaka 20. Benki hiyo leo inafanya kazi Bujumbura na Lubumbashi. Ukiniuliza uwekezaji wa maendeleo unafananaje ukifanywa vizuri, nitakuonyesha huo.

Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) nayo ilizaliwa mwaka 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, kwa kutaifishwa kwa benki za kigeni. Mwaka 1997 ikagawanywa. Mwalimu, akiwa amestaafu, hakuficha kwamba hakuupenda mpango wa kuiuza. Mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC ilichukuliwa na Absa ya Afrika Kusini kwa bei iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 15, na hadi leo wapo wanaoinua sauti wakitaja bei hiyo na kuyahesabu majengo ya benki hiyo. Kipande cha pili, NMB, kilichopewa matawi ya wilayani na wateja wa akiba ndogo ndogo, hakikuwa na mnunuzi wa kukitamani mara moja. Serikali ilikipa kwanza wasimamizi wa kukiweka sawa, kisha mwaka 2005 ikauza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Mwaka 2008 ikauza sehemu nyingine kwa wananchi, kwa shilingi 600 kwa hisa. Walimu, manesi na wakulima wakapanga foleni kununua. Serikali ikabaki na zaidi ya asilimia 31.

Gawio la NMB kwa mwaka 2023 lilikuwa shilingi 361 kwa hisa moja. Mwalimu wa shule aliyenunua mwaka 2008 akazitunza hisa zake alipata kwa mwaka huo mmoja zaidi ya nusu ya fedha aliyotoa, na Hazina ikapata mabilioni bila kuendesha benki.

Kwa nini hapo tulifaulu? Wako watakaosema ni kwa sababu ya mbia mzuri, na mbia alikuwa mzuri kweli. Lakini kilichoniridhisha zaidi ni idadi ya macho. Benki Kuu ilikuwa inaikagua kila wakati. Soko la hisa liliilazimisha kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, magazetini, kila mtu asome. Serikali ilikuwa na wajumbe ndani ya bodi. Maelfu ya wenye hisa ndogo walihudhuria mkutano mkuu wakauliza maswali. Hakuna mkurugenzi ambaye angeweza kuzifunga ofisi, kuuza mashine na kuweka magunia humo ndani bila nchi nzima kujua wiki hiyo hiyo.

Linganisha na viwanda. Kiwanda cha nguo au cha zana za kilimo au cha korosho kiliuzwa kikiwa na mkataba wenye ahadi: mnunuzi atawekeza kiasi fulani, ataajiri watu kadhaa, atazalisha ndani ya muda fulani. Nani alipewa kazi ya kurudi baada ya mwaka mmoja kuhesabu? Tume iliyouza ilimaliza muda wake mwaka 2007. Majukumu yake yakaenda kwa shirika hodhi, na shirika hilo nalo likavunjwa, mafaili yakahamia kwa Msajili wa Hazina mwaka 2014. Katika kila uhamisho, aliyekuwa akiijua kesi fulani alistaafu au alipangiwa kazi nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa na daftari lakini tulilibadilishia kabati mara mbili bila kulisoma. Serikali yenyewe imelalamika hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba wapo wanunuzi waliotumia hati za viwanda kukopea benki, fedha ikaenda kwenye biashara nyingine. Serikali ya Awamu ya Tano, ya Rais Magufuli, ikaanza kutwaa tena viwanda vilivyotelekezwa. Nilikubaliana na nia hiyo, lakini kutwaa kiwanda baada ya miaka 20 ni kupokea kuta.

Sitakaa sana kwenye mashirika ya huduma, kwa maana mambo yake yanajulikana. Shirika la ndege lilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 2002, na mwaka 2006 tukarudisha hisa. Maji ya Dar es Salaam yalipewa kampuni ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Haukufika hata miaka miwili, Mei 2005 ukavunjwa, tukaishia mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, ambao walisema serikali ilikiuka wajibu wake lakini hawakumpa mwekezaji fidia. Reli ya Kati ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007 kwa miaka 25. Wafanyakazi wakagoma kwa mishahara, mizigo ikapungua, na baada ya miaka michache tu serikali ikairudisha mikononi mwake. Kila safari tulijadili uraia wa mwekezaji. Tulipaswa kujadili kwanza kama sisi wenyewe tulikuwa na wahandisi, wanasheria na wahasibu wa kutosha kumsimamia.

Lakini niwe mkweli kuhusu korosho, kwa sababu hapo usimamizi peke yake usingetosha. Chukua mtu mwaminifu aliyenunua kiwanda Masasi kwa nia ya kubangua. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na ndani ya miezi mitatu hivi mnada umekwisha. Akitaka wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, wawe na kazi mwaka mzima, lazima anunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya miezi hiyo mitatu. Anahitaji mabilioni ya shilingi kwa mkupuo, na benki zetu kwa muda mrefu zimetoza riba isiyopungua asilimia 15. Anashindana kwenye mnada na msafirishaji anayekopa kwa riba nafuu nchini kwake, anayenunua leo na kulipwa baada ya wiki chache meli ikitia nanga. Bei ni ile ile kwa wote wawili, ila fedha ya mmoja ni ghali na imefungwa mwaka mzima. Ongeza umeme unaokatika na vipuri vinavyoagizwa nje. Huhitaji kuwa mwizi ili uone kwamba kulikodisha jengo kuwa ghala kuna faida kuliko kubangua.

Ndiyo maana mfano wa Vietnam unaniuma. Walianza mageuzi yao, waliyoyaita Doi Moi, Desemba 1986, miezi minne tu baada ya mkataba wetu na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nao walikuwa wametoka vitani, nao walikuwa na uchumi wa amri na foleni za mgawo. Hawakuwa na korosho nyingi kutushinda. Walichofanya ni kujenga ubanguaji kwanza, wakabuni mashine zao wenyewe za bei nafuu, kisha wakaja Afrika kununua ghafi walipopungukiwa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wamekuwa wauzaji wakubwa kuliko wote duniani wa korosho iliyobanguliwa, na sehemu ya korosho hiyo inatoka kwetu, Tandahimba. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja ya korosho safi, hivyo meli zetu zimekuwa zikibeba maganda kuvuka Bahari ya Hindi, huku kazi ikiwa imetangulia kufika huko.

Sisi nasi tunacho cha kujivunia, tena kwenye zao hili hili. Pale Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, watafiti walikaa miaka mingi na ule ubwiri unga. Wakisaidiwa na fedha za Uingereza, walithibitisha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati unaokoa maua, wakatoa mbegu bora, wakawafundisha wakulima kupogolea na kupunguza mikorosho iliyosongamana. Kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno yalikuwa yamepita tani 120,000. Msimu wa 2017/18 yalifika tani 313,000. Hakuna utepe uliokatwa kwa ajili ya kazi hiyo, wala jengo refu lililobaki. Naamini hata hivyo kwamba hakuna fedha ya maendeleo iliyowahi kuingia mikoa ya kusini ikazaa kama ile.

Halafu tukaiyumbisha wenyewe. Kila kilo ya korosho ghafi iliyouzwa nje ilitozwa ushuru, na sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao: salfa, miche, utafiti, ubanguaji. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina, ingawa wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Miezi michache baadaye wanunuzi walikuja mnadani na bei ambazo wakulima walizikataa. Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaenda kuibeba.

Siku ile Mtwara walishangilia, nami nawaelewa. Mkulima ambaye kwa miaka amekuwa akikatwa bei na wanunuzi wanaojuana alimwona mtu mkubwa akisimama upande wake. Lakini agizo halikuwa na mfumo wa kulipa wala mnunuzi wa kuipokea korosho upande wa pili. Ukaanza uhakiki wa kuwasaka walanguzi wa kangomba, yaani ununuzi wa kando ya mfumo rasmi. Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 akatakiwa kuonyesha shamba lake, na maelfu ya watu waliokwisha kuikabidhi korosho yao wakangoja malipo miezi mingi. Wengine walikosa fedha ya salfa ya msimu uliofuata, na mavuno yakashuka kwa miaka kadhaa.

Pembejeo za ruzuku zilipoanza kugawiwa na mnada ukahamishiwa kwenye mtandao wa soko la bidhaa, mambo yakabadilika tena. Oktoba 2024 kilo ilipita shilingi 4,000 kwenye minada ya mwanzo, na msimu ule mavuno yakavuka tani 500,000, kiwango ambacho hatukuwahi kukifikia. Mkulima wa Newala anajua kusikiliza bei na anajua kutunza mti. Kinachokosekana hadi leo ni mtu wa kubangua, na huyo hatapatikana kwa hotuba. Atapatikana akipewa nafasi ya kununua kabla ya wasafirishaji, na mtaji wa uendeshaji wenye dhamana ya benki ya maendeleo ya kilimo, kwa mkataba unaosema wazi kwamba asipobangua anarudisha nafuu aliyopewa.

Madini yalitufundisha somo lile lile kwa bei kubwa zaidi. Sheria ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Tulikuwa tunawahitaji wawekezaji, na walikuja: Geita, Bulyanhulu, kisha Buzwagi, ambayo mkataba wake wa 2007 ulizua kelele nchi nzima. Kamati ya Jaji Mark Bomani ikapendekeza mabadiliko, na sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4. Machi 2017 ukaja mzuio wa kusafirisha makinikia nje ya nchi, kisha sheria mpya, mrabaha wa asilimia 6, hisa 16 kati ya kila 100 kwa serikali bila malipo, na dai la kodi la dola bilioni 190 kwa kampuni ya Acacia, dai ambalo ulimwengu wa fedha haukuliamini. Mwishoni Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300, na Januari 2020 makubaliano ya kuunda Kampuni ya Twiga yakasainiwa, serikali ikiwa na asilimia 16.

Nafurahi kwamba tuna Twiga. Nasikitika kwamba ilitugharimu karibu miaka 20 na mzozo uliowatisha hata wawekezaji wasiokuwa na kosa. Tungekuwa na wakaguzi wa madini wa kutosha tangu mwaka 2000, na mkataba ungekuwa na kifungu cha kuupitia upya bei ya dhahabu inapopanda, tusingelazimika kupigana kwa ajili ya jambo ambalo lingekuwa la kawaida.

Sasa tupo kwenye bandari. Kampuni ya TICTS iliendesha gati za makontena za Dar es Salaam kuanzia 2000 hadi 2022. Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano na Dubai kuhusu kampuni yake ya bandari, DP World, mjadala ukawaka misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya kahawa, na baadhi ya wakosoaji wakakamatwa. Oktoba mwaka huo ikasainiwa mikataba ya utekelezaji ya miaka 30. Makubaliano ya kiserikali yalipita bungeni na yakasomwa na kila aliyetaka. Mambo ya mikataba iliyofuata wananchi walielezwa zaidi kwa hotuba.

Sina ugomvi na Dubai. Watu wa pwani hii wamefanya biashara na Ghuba kwa karne nyingi, na bandari iliyojaa meli zinazongoja nje ilikuwa inaziumiza Lubumbashi, Bujumbura na Kigali kama ilivyotuumiza sisi. Ninachokataa ni kuambiwa niamini. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani. Kwa nini uwazi uishie kwenye mashimo? Mkataba wa gati, wa kiwanda kilichotwaliwa na kutolewa upya, wa maji au wa umeme nao unahusu mali ya watu hao hao, na unapaswa kusomeka na mtu yeyote mwenye simu.

Pamoja na kuchapisha mikataba, Msajili wa Hazina apewe kikosi cha kudumu cha kufuatilia masharti, chenye mishahara inayoweza kumbakiza mwanasheria mzuri asikimbilie upande wa pili wa meza. Kila mwaka kitoe orodha moja: mwekezaji fulani aliahidi hiki, ametimiza kiasi hiki, hatua iliyochukuliwa ni hii. Orodha hiyo iende bungeni pamoja na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo Watanzania wameshazoea kuisubiri na kuisoma. Na pale serikali inapouza, ibakize hisa na kuwapa wananchi nafasi ya kununua nyingine sokoni, kama ilivyofanya kwa NMB, kwa sababu mwenye hisa kumi tu ana haki ya kuuliza swali ambalo ofisa wa wizara anaweza kuogopa kuliuliza.

Serikali ilisema utendaji wa mwekezaji wa bandari utapimwa kila baada ya miaka mitano. Kipimo cha kwanza kitafika kabla muongo huu haujaisha. Waheshimiwa wabunge, anzeni sasa kudai vigezo vya kipimo hicho viandikwe na vitangazwe: makontena mangapi, meli ingoje siku ngapi, mapato kiasi gani, Watanzania wangapi kwenye nafasi za uongozi. Nawe msomaji, mbunge wako atakapokuja kuomba kura, muulize kama amevisoma.